Limewakosea nini? Miaka yangu ya kuokota samani Dodoma

Dodoma ni mji wa kuhamia na kuhama. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini mizigo yenyewe ilianza kumiminika baada ya tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016, wizara zilipokuja na watumishi wao, na watumishi wakaja na makochi yao. Tangu hapo kila nikipita Ilazo au Kisasa nakuta lori linashusha nyumba nzima kutoka Dar es Salaam, na mtaa wa pili lori jingine linapakia nyumba nzima kwenda Mwanza. Mtu akihamishwa kikazi hana muda wa kubembelezana na kabati la milango mitatu. Lori limejaa, kabati halikunjiki, linabaki barazani. Mwenye nyumba analisukumia nje ya geti. Hapo ndipo mimi ninapoingia.

Naishi Chang'ombe, na riziki yangu ni samani ambazo wenzangu wamezichoka. Nyingine naokota, nyingine naomba, nyingine nanunua kwa bei ya kumwondolea mtu uchafu. Fundi wangu yuko Kizota. Tunazitengeneza, kisha tunawauzia wapangaji wapya na wanafunzi wa vyuo, ambao hapa hawakosekani. Watu wakifika uani kwangu huuliza ninavipata wapi vitu hivi. Mimi naona hilo ndilo swali jepesi. Vijana wanaokuja kufanya kazi nami nawafundisha swali moja la kuanzia: kwa nini wamekitupa? Kitu kilicho nje ya geti kina sababu ya kuwa pale. Kuhama ni sababu njema. Kunguni ni sababu mbaya. Kabla sijajua ni ipi kati ya hizo, siweki mkono.

Na wakati mwingine hakijatupwa kabisa. Jumamosi asubuhi ukipita mitaa yetu utadhani watu wote wamefukuzwa kwenye nyumba: kochi liko nje, godoro limelazwa juu ya michongoma, zulia liko juu ya ukuta. Jua la Dodoma ni la bure na wenyeji wanalitumia. Kwa hiyo napiga hodi, nasalimia kwanza, salamu ya kutosha, ndipo nauliza: "Mama, hili kochi mnalianika au mmeliaga?" Wakisema wameliaga, nauliza la pili: "Limewakosea nini?" Hapo watu hucheka, na wakicheka husema kweli. Mmoja atakwambia miguu imelegea, mwingine mume kanunua jipya, mwingine atasitasita. Akisitasita, namtazama dada wa kazi aliyesimama nyuma yake. Dada ndiye anayelifagilia chini kila siku, na ndiye anayejua kilichomo.

Kuna vitu ambavyo sababu yake haiko kwenye mbao. Mpangaji akiondoka na deni la kodi, mwenye nyumba mwenye hasira anaweza kukwambia ubebe kila kilichomo chumbani. Usibebe. Huo ni ugomvi wa watu wawili ambao bado haujaamuliwa, na ukiondoka na kitanda unakuwa wa tatu. Vivyo hivyo kiti chenye herufi na namba za ofisi zilizopakwa rangi mgongoni, hata kama kimebaki na mguu mmoja. Mali ya umma haifutwi kwa kuwekwa karibu na ghuba la taka. Ina utaratibu wake, na mara nyingi mwisho wake huwa ni mnada wa hadhara. Mimi nikitaka viti vya ofisi nasubiri tangazo la mnada, naenda kupiga bei na wenzangu, narudi na risiti. Risiti hiyo naitunza kuliko kiti.

Vya watu binafsi navyo nadai karatasi. Si mkataba wa wanasheria, ni nusu ukurasa wa daftari: fulani amempa fulani kabati moja, tarehe, namba ya simu, sahihi. Kikiwa kitu kikubwa namwomba mjumbe ashuhudie. Watu wanaona ni usumbufu mpaka siku guta linaposimamishwa njiani na mtu anaulizwa kabati la nani. Kwa sababu hiyohiyo sibebi kitu usiku, hata mwenyewe akisisitiza. Kabati lililotolewa kwa heri saa nne asubuhi, likipitishwa saa nne usiku linaonekana limeibwa.

Sasa tuseme nimekubaliwa. Kitu kimelala nje siku kadhaa, pengine kimeinamia ukuta, na chini yake kuna kivuli. Dodoma kivuli cha namna hiyo kina wenyewe. Nge anakipenda. Nyuki nao wanaweza kuhamia ndani ya kabati lililofungwa, kwa hiyo kabla ya chochote nasimama kando nasikiliza. Kisha nagonga kwa fimbo ndefu. Nikiinua, nashika ukingo wa mbali na kuuvuta kuja kwangu, ili uwazi ufunguke upande wa pili na kabati lenyewe linikinge. Vijana wote wana tabia ya kuingiza vidole chini ya kitu na kukiinua kwa nguvu. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza ninayowaachisha, na glavu za ngozi na viatu vya kufunika vidole si hiari kwangu. Kandambili hazipandi guta langu.

Misumari ni hatari yenye kimya zaidi. Samani iliyovunjika imejaa misumari iliyoinama, na wengi wanaamini kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Kutu haina kosa. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na msumari unavisukuma ndani ya nyama ambako hewa haifiki. Sisi akina mama tulichomwa sindano za pepopunda kliniki tukiwa wajawazito. Kijana wa kiume akishamaliza zile za utotoni, mara nyingi hakumbuki tena kama kuna kitu hicho. Anayeanza kazi kwangu tunakwenda kwanza kituo cha afya kuulizia chanjo. Mmoja aliniambia, "Mama, kwani mimi mjamzito?" Akaenda.

Kunguni tuwazungumze kwa utulivu, maana watu wanawaonea aibu bure. Hawatokani na uchafu. Wanapanda mizigo, wanasafiri na mabegi, wanaingia nyumba ya msafi na ya mchafu. Nakagua kwa tochi na kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi inapita kwenye mishono ya kochi, kwenye matundu ya skrubu, mahali chaga zinapokaa na chini kabisa kwenye kile kitambaa cheusi kinachofunika tumbo la kochi. Natafuta madoa madogo meusi yaliyosambaa kama wino kwenye karatasi mbovu, na maganda mepesi ya rangi ya chai. Kuona mdudu mwenyewe ni bahati tu.

Watu hunieleza, "Hili limekaa stoo miezi mitatu, kama walikuwemo wameshakufa njaa." Si hivyo. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kuonja damu, akikusubiri wewe. Na jua nalo lina mipaka. Linachoma kitambaa cha juu, lakini katikati ya sponji nene kunabaki kivuli na joto la kawaida, na wadudu wanahamia humo. Kwa kitanda cha mbao tupu kuna dawa rahisi: kukifungua chote, kumimina maji yanayochemka kwenye kila kiungo na kila tundu, kukianika kivulini, na kurudia baada ya siku kadhaa kwa ajili ya mayai. Kochi la sponji lenye kunguni mimi nachukua kiunzi peke yake. Sponji na kitambaa navichana vipandevipande nikiwa palepale, kabla sijapanda guta, ili asije mwingine nyuma yangu akaona bahati. Nikikuta godoro linalotambaa ambalo si langu kuchana, naandika KUNGUNI juu yake kwa mkaa, herufi kubwa.

Godoro sichukui kamwe, hata lililo safi. Kitanda cha marehemu ndiyo nakichukua, nikipewa na wafiwa kwa moyo mweupe. Wapo wanaonishangaa kwa hilo, lakini mbao haina kisirani.

Baada ya kunguni ni wanaokula mbao. Hapa sababu ya kutupwa inasomwa kwenye unga. Fukusi wanaacha vitundu vidogo vya duara, na chini yake unga laini. Vitundu vyeusi, vya kale, visivyo na unga havinitishi; mdudu alishaondoka zamani. Unga mweupe mpya ndio wenye habari. Nikiwa na shaka naweka kiti juu ya gazeti kwenye kona ya uani, mbali na vingine, na kulitazama gazeti kila asubuhi. Mchwa wetu wa hapa wanatoka ardhini na wanajenga njia za udongo. Ukikiondoa kitu kwenye ardhi wanakosa unyevu wa kichuguu chao na wanakwisha, kwa hiyo mguu ulioliwa inchi chache unakatwa na kuungwa. Ila samani zinazotoka pwani zinaweza kuwa na mchwa wa aina nyingine, anayeishi ndani ya mbao kavu bila kuhitaji udongo. Huyo anaacha chembe ngumu, mithili ya mchanga mwembamba, ukizisugua kidoleni hazisagiki. Kabati la namna hiyo naliacha lilipo, hata liwe la mninga.

Nimefika kwenye mbao zenyewe, na kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima tunapata takriban nusu ya ile ya Dar es Salaam. Miezi inayobaki ni upepo na ukavu. Kiti kilichochongwa Dar kikakaa kwenye hewa ya bahari, kikiletwa hapa kinaanza kukauka upya. Mbao inasinyaa kwa upana, urefu unabaki uleule. Ulimi wa mbao uliokuwa umekaza ndani ya tundu lake unapungua unene, gundi inaachia, na kiti kinaanza kucheza. Mwenyewe anaona kimeoza. Anapiga msumari, msumari unapasua ulimi, kiti kinacheza zaidi, anapiga wa pili. Mwishowe anakitupa. Ukimuuliza kimemkosea nini atakwambia ni kibovu, wakati mbao yake ni nzima kabisa na kilichofanyika ni hali ya hewa tu.

Viti vya aina hii ndivyo vinavyonilisha. Namna tunavyovitengeneza si siri. Tunang'oa misumari yote kwanza, taratibu, kwa koleo na kipande cha mbao chini yake kisichubue. Tunakigonga kiachie viungo vyote, si kile kinachocheza peke yake, maana vilivyobaki vitafuata mwezi ujao. Kila kiungo tunaandika namba kwa penseli, kwa sababu viti vya fundi wa mkono havifanani miguu. Kisha inakuja kazi inayowachosha vijana: kukwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, inashika mbao. Ulimi uliokonda tunauvisha utepe mwembamba uliotoka kwenye randa, uliogandishwa kwa gundi, mpaka ukaze tena. Halafu gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, kiti kinaunganishwa, na tunakifunga kwa mpira uliochanwa kutoka tyubu ya baiskeli, unavutwa na kuzungushwa mpaka gundi ijitokeze ukingoni. Kinasimamishwa kwenye sakafu iliyonyooka ili miguu yote minne iguse. Kinakaa hadi kesho yake na hakuna anayekikalia, hata mgeni.

Na meza iliyopasuka juu? Fundi wangu haizibi Februari. Wakati wa mvua mbao imevimba kidogo na ufa umejibana. Ukiuziba wakati huo, ikifika Septemba mbao inasinyaa na ufa unafunguka tena ubavuni mwa kile kiraka. Anasubiri Oktoba, kiangazi kikiwa kimemaliza kazi yake, ndipo anatia kibanzi cha mbao ileile na gundi. Wateja wanaodai meza ya haraka mwezi wa pili wananung'unika. Mimi namwachia fundi aamue.

Kutambua mbao nako kunataka subira, kwa sababu watu wanapaka rangi juu ya vitu vya thamani. Nimeona meza ya mninga iliyopakwa rangi ya kijivu ya geti. Nafunua chini ya meza au ndani ya droo, mahali ambapo hakuna aliyehangaika kupaka, nakwangua kidogo kwa kisu na kutazama: wekundu wa kahawia wenye michirizi, na uzito wake mkononi. Paina ni nyepesi na ya njano. Chipbodi haihitaji kisu. Ukiona kona imevimba, imeshakunywa maji na haiponi. Kabati la chipbodi lililolala nje usiku mmoja wa mvua ya Januari mimi naling'oa bawaba na vitasa, basi.

Kuondoa rangi ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wanaidharau. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na ukizipiga msasa mkavu unatengeneza vumbi ambalo mtoto anayetambaa atalila. Tunatumia msasa wa maji, tunafunika ardhi kwa turubai, tunafuta kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na watoto wa uani wanakwenda kucheza kwa jirani. Kuchoma rangi kwa moto siruhusu. Mninga wenyewe, hata bila rangi, vumbi lake linakera pua na kifua, kwa hiyo barakoa inavaliwa mpaka mwisho. Fundi alikuwa akifunga kitambaa cha kichwa puani na kuniambia kinatosha. Sasa anavaa barakoa, ila analalamika kwamba haimruhusu kuimba.

Viti vya kuzunguka navyo vimekuwa vingi siku hizi. Mara nyingi kilichokufa ni gurudumu moja au mtungi wa gesi unaokipandisha na kukishusha. Gurudumu linabadilishwa kwa dakika chache. Mtungi usioshika unabadilishwa mzima mzima, haukatwi, hautobolewi, haupigwi nyundo. Ndani yake kuna gesi iliyoshindiliwa, na ikitoka kwa ghafla inarusha vyuma. Nawaambia hivyo na vijana wa skrepa wanaonunua mabaki kwangu, kwa sababu wao kila kitu kwao ni cha kugonga.

Paleti, zile chaga za mbao zinazopangiwa mizigo kwenye maghala, zinatafutwa sana kwa vitanda na meza za vijana. Ile iliyosafiri kati ya nchi na nchi huwa na mhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao iliuawa wadudu kwa joto, haina neno. Ukiona MB, ilifukizwa kwa sumu ya methili bromaidi, na hiyo mimi siiingizi chumbani mwa mtu. Isiyo na mhuri wowote naitazama madoa na kuinusa. Huwezi kujua ilibeba nini, na mbao inafyonza.

Kuna vitu viwili vya watoto ambavyo mteja akinibembeleza bado nakataa. Kitanda cha mtoto mchanga chenye vijiti ambavyo kopo la soda linapita katikati yake siuzi, kwa sababu panapopita kopo, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki. Na kabati refu jembamba la nguo halitoki kwangu bila kipande cha chuma cha kulifunga ukutani. Mtoto akivuta droo zote na kuzipanda, kabati linamfuata. Kuna baba alinunua kabati kwangu akakiacha kile chuma kaunta makusudi, akisema kinaharibu ukuta wa mwenye nyumba. Nilimtumia kijana na dreli, akalifunga, nikalipa mimi gharama za tundu mbili za ukuta.

Mteja naye namjibu swali lilelile. Akisimama mbele ya kiti namwambia kilitoka wapi na kilitupwa kwa nini: hiki kililegea viungo, hili kochi lilichanwa na paka, meza hii mwenyewe alihamia Kigoma. Baadhi wanapunguza bei papo hapo wakisikia neno "kilitupwa". Wengi wanarudi.

Mabaki ndiyo yanayonigombanisha na jirani yangu anayepika chakula cha kuuza. Vibanzi vya mninga na paina safi anavipata bure, na jiko lake linawaka vizuri. Lakini zile mbao za kenchi zenye kijani, zinazotokana na mapaa yaliyobomolewa, zimetiwa dawa, na dawa inayotumika sana ina shaba, kromi na aseniki. Ukizichoma, aseniki inatoka kwenye moshi na inayobaki inakaa kwenye majivu, majivu ambayo anasugulia masufuria. Nimemweleza mara nyingi. Yeye anaona nina roho mbaya, kwamba kuni zipo na mimi nazipakia kwenye gari la taka mbele ya macho yake. Juzi kaniuliza kama nadhani yeye hajui kuni. Nikampa gunia la vibanzi vya mninga, akalipokea, na bado hajaniamkia.